Barua ya wazi: mtoto wa PP1 asikalishwe mtihani wa makaratasi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Nakuru, kwa wakubwa wa Wizara ya Elimu pale Jogoo House, kwa KICD wanaoandika mtaala, na kwa walimu wakuu na wakurugenzi wote wa shule wenye watoto wa chekechea chini yao,

Salamu nyingi kutoka Nakuru magharibi. Mimi ni mwalimu wa chekechea, watoto wangu wengi wanatoka mitaa ya Kaptembwo na Rhonda, na kabla niingie senta ya ECDE, yaani chekechea ya kaunti, nilikuwa nafundisha kwa akademi ya mtu binafsi, kwa hivyo haya ninayosema nimeyaona pande zote mbili, sio mambo ya kuambiwa. Ombi langu naliweka hapa juu kabisa ndio asiye na muda asome aende: mtoto wa PP1 na PP2, yaani ile miaka miwili ya chekechea kabla ya Gredi 1, asikalishwe mtihani wa karatasi, asipewe namba ya darasa, na asifanyiwe intavyu ya kuingia Gredi 1. Sisemi asipimwe. Nataka apimwe sana, tena kila siku, lakini kwa njia inayoonyesha mtoto anajua nini na anahitaji nini, juu hii tunayofanya sai haionyeshi.

Wacha niwaeleze venye mambo huenda huku chini. Muhula ukifunguliwa kuna opena, katikati kuna midtam, mwisho kuna endtam, na huyo tunayemuongelea ana miaka 4. Shule inaagiza makaratasi kutoka kwa watu wa kuchapisha mitihani, mzazi anatoa pesa ya mtihani, siku ikifika viti vinatenganishwa, watoto wanaambiwa wafunike kazi na mkono jirani asiibe, na mwalimu anasimama mbele akiwasomea maswali juu kusema kweli hakuna hata mmoja anayeweza kujisomea. Unakuta mmoja amelala juu ya karatasi, mwingine amejikojolea, mwingine ametulia anapaka rangi vizuri kabisa ile picha aliyotakiwa aizungushie duara. Alafu mwalimu achukue kalamu nyekundu, asahihishe, ajumlishe, awapange kutoka namba 1 hadi namba 47, na siku ya kufunga mama akija anatafuta hiyo namba kwanza kabla hata amsalimie mtoto.

Kuna karatasi moja ilipita mikononi mwangu ilikuwa na picha ya igloo, ile nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini kabisa ya dunia, mtoto aandike herufi ya kwanza ya jina lake. Msichana mmoja akaangalia, akaona nyumba, akaandika n. Kwa karatasi ya majibu hiyo ni makosa, jibu ni i, sufuri. Lakini hebu tuangalie alichofanya huyo mtoto. Ameona kitu hajawahi kukiona maishani akakitambua kwamba hapa watu wanalala, akakipa jina kwa lugha anayoongea kwao, akasikia hilo jina linaanzaje, akatafuta herufi ya kuanzia akaipata na akaiandika bila kusaidiwa. Hiyo kazi ya kusikia sauti ndani ya neno na kuishikanisha na herufi ndio msingi wa kusoma, mtoto akiwa nayo atasoma, asipokuwa nayo hata umkaririshe ABC mpaka jioni hatasoma. Na sisi tulimwekea X.

Sera yetu wenyewe inasema kuanzia PP1 hadi Gredi 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo analoishi, na hii haikuanza na CBC, huu mtaala mpya wa umilisi, kamati ya serikali ya elimu iliyoongozwa na Gachathi ilishapendekeza hivyo 1976. Ukienda Kuresoi hiyo lugha inaweza kuwa Kikalenjin, ukienda vijiji vya Bahati ni Gĩkũyũ, lakini huku kwetu ambako ploti moja ina Mkisii, Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo na Mkalenjin wakipanga foleni kwa choo moja, lugha ya watoto ni Kiswahili. Wanagombana kwa Kiswahili, wanaota kwa Kiswahili. Mtihani unakuja na Kiingereza, kwa hivyo unapima kama mtoto ana televisheni na mzazi wa kumwongelesha Kiingereza, alafu tunaandika kwa ripoti fomu ati tumepima hesabu.

Kitu kinaniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyetuagiza kufanya hivi. CBC ilipoanza rasmi 2019 kwa PP1, PP2 na gredi za chini, ilisema mtoto wa chekechea apimwe akiwa anaendelea na kazi yake, mwalimu akimwangalia, akitiki kwenye orodha, akiandika alichoona, akihifadhi kazi zake kwa faili. KNEC yenyewe, lile baraza la mitihani la taifa, inaanza kumwangalia mtoto akiwa Gredi 3, alafu anafanya KPSEA, upimaji wa kitaifa wa kumaliza shule ya msingi, akiwa Gredi 6. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpa mtoto mtihani wa kumuingiza shule ya umma, isipokuwa wa kujua awekwe kiwango gani, na inakataza mwanafunzi kushikiliwa darasa moja. Na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ikachukua elimu ya chekechea ikaiweka mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo mheshimiwa, mtaala ni wa KICD sawa, lakini senta ni zako, walimu ni wako, na hili jambo unaweza kulimaliza bila kungoja mtu wa Nairobi.

Najua kuna watakaosema mtihani unamzoesha mtoto mapema. Sasa wacha niongee kuhusu mkono wa mtoto, maana watu wengi wanafikiria mtoto asiyeandika vizuri ni mvivu. Mtoto akizaliwa, vile vifupa vya kifundo cha mkono bado havijakuwa mfupa, ni gegedu laini, na vinageuka mfupa kimoja baada ya kingine kwa miaka, ndio maana daktari akitaka kukadiria umri wa mtoto anaweza kumpiga eksrei ya mkono aangalie vimefika wapi. Mtoto akiingia PP1 hiyo kazi haijaisha. Mwanzo anashika krayoni na ngumi na anachora akisongesha bega lote, baadaye mkono, baadaye kifundo, vidole vitatu vinakuja mwisho kabisa. Watoto wengi wanaweza kuiga duara karibu miaka 3, msalaba karibu miaka 4, mraba inakuja karibu 5, na mistari iliyoegemea upande kama ya pembetatu inachelewa zaidi. Sasa angalia herufi k, w, z, hizo zote zina mistari ya kuegemea, na sisi tunampa mtoto wa miaka 4 k ajaze ukurasa mzima ndani ya mistari miwili myembamba, akishindwa anakatwa maksi. Akigeuza b ikawa d tunamwita mzito, na hiyo ni kawaida kabisa, watoto wengi wanaendelea kugeuza mpaka miaka 6, hata 7.

Mkono haukuzwi na kuandika k mara mia. Unakuzwa na kukanda udongo, kuchambua maharagwe akimsaidia nyanya yake, kufunga vifungo vya sweta, kufua leso yake mwenyewe, kukata magazeti na makasi, kubembea. Hizi kazi watoto wa Rhonda wanazifanya sana nyumbani, ni utajiri wanaokuja nao, na hakuna hata moja inaingia kwenye mtihani.

Hesabu nayo ndio inadanganya zaidi. Nilikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anaandika 1 hadi 50 bila kukosea, kitabu safi, namba ya kwanza, mama yake anakionyesha majirani. Siku moja tumekaa kwa mkeka na vifuniko vya soda, nikamwambia niletee saba. Akachota ngumi nzima akanimwagia mkononi. Nikamuuliza ni saba? Akasema ndio. Nikasema hebu hesabu, akahesabu vizuri tu, moja, mbili, mpaka kumi na moja, nikamuuliza kwa hivyo ni ngapi, akaanza kuhesabu upya. Yule msichana wa igloo alikuwa ameketi hapo kando, huyo namba 8 bado inamshinda kuandika, anaunganisha duara mbili zinaanguka. Nikampa vifuniko 10 nikamwambia agawie watoto watatu wapate sawa. Akazunguka akiweka kimoja kimoja, kila mtu akapata vitatu, kikabaki kimoja, akakiangalia kidogo akanipa mimi, akasema hii ni ya ticha. Kwa mtihani wa midtam kijana alipata karibu zote na msichana alikuwa chini ya nusu.

Kutaja namba kwa mpangilio, kuhesabu vitu kimoja kimoja, na kujua kwamba namba ya mwisho uliyotaja ndio inasema vyote viko vingapi, hayo ni mambo matatu tofauti na mtoto hayapati siku moja. Hilo la tatu wengi wanalipata wakikaribia miaka 4 ama wakipita hapo, na wapo wanaochelewa kidogo na hawana shida yoyote. Kijana wangu hakuwa mjinga, alikuwa anahitaji vifuniko vya soda na mtu wa kukaa naye chini. Lakini nani angempa wakati ripoti inasema ni namba 1? Ndio nasema mtihani unaumiza hata yule aliyeshinda.

Alafu hizi namba za darasa zenyewe zinalinganisha nani na nani? Ndani ya PP1 moja unaweza kuwa na mtoto aliyefikisha miaka 4 juzi na mwingine anakaribia kufikisha 5. Miezi 11 kwetu sisi watu wazima si kitu, lakini kwa mtoto wa miezi 48 hiyo ni karibu robo ya maisha yake yote. Ukiwapanga kwa namba mara nyingi umepanga tu tarehe za kuzaliwa, na yule mdogo anaenda nyumbani akijua yeye ni wa mwisho. Na msiniambie hajui. Anajua. Wanaulizana wao kwa wao kwa laini ya uji.

CBC ilileta viwango vinne, kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, na chini ya matarajio, nia ilikuwa tuache kulinganisha mtoto na mtoto. Kuna shule zimegeuza hivyo viwango vikawa 4, 3, 2, 1, zinajumlisha, zinapanga namba vile vile. Hiyo ni ile ile ya zamani.

Na hata tukiacha karatasi, tuangalie pia ni nani anapima na mtoto amezoea nini. Miaka ya 1970 watafiti wawili kutoka Marekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi na Wakipsigis mahali panaitwa Kokwet, si mbali sana na huku kwetu. Walijaribu kitu rahisi, mtu mzima anamsimulia mtoto hadithi fupi alafu anamwambia airudie. Watoto wengi walinyamaza tu. Mtu wa haraka angesema hawa akili yao iko nyuma, lakini wale watafiti walikuwa wamekaa pale wakaona kwamba hao hao watoto wanachunga mifugo na wanalea wadogo zao bila kusimamiwa, na kwamba nyumbani mtoto mwenye adabu mbele ya mtu mzima anasikiliza na kutii, sio kujieleza. Huo ukimya ulikuwa malezi. Mimi nawaona watoto wa hivyo kila Januari, anaingia darasani hasemi kitu wiki nyingi, lakini ukimtuma kalamu kwa ofisi anaenda anarudi na kalamu na amefunga mlango. Kwa intavyu ya Gredi 1, ambapo mtu hamjui amekaa nyuma ya meza anamuuliza what is your name, huyo mtoto anaandikwa amefeli kabla aketi.

Mwanasaikolojia Robert Serpell naye alifanya kazi Lusaka, Zambia, akalinganisha watoto wa huko na wa Manchester, Uingereza. Wakiambiwa waige kitu kwa kalamu na karatasi wale wa Manchester walikuwa mbele, wakiambiwa waige kwa kutengeneza na waya wale wa Lusaka wakawa mbele, na kwa udongo hakukuwa na tofauti. Akili ni ile ile, kilichobadilika ni kitu mkono umezoea. Pita huku mtaani jioni uangalie magari ya waya, magurudumu ya slipa zilizoisha, stelingi inakata kona, na aliyeitengeneza ni mtoto ambaye mwaka uliopita ripoti ilisema kazi yake ya sanaa ni duni kwa sababu alipaka rangi nje ya mstari.

Kwa hivyo tupime nini na tupime vipi? Kuna ule mchezo kila mtu aliyekulia Kenya ameucheza, nyama nyama nyama. Mmoja anaita, ya ng'ombe, wote wanaruka, nyama! Ya mbuzi, nyama! Anaongeza spidi, ya kuku, ya samaki, ya simba, na anayeruka kwa simba ametoka. Mtoto pale anafanya kazi ngumu sana kichwani: anashika sheria akilini, anasikiliza, na mwili ukishazoea kuruka anauzuia. Uwezo huo wa kujizuia na kukumbuka sheria ndio unamsaidia kukaa, kungoja zamu, kumaliza alichoanza, na wataalamu wa watoto wanaupima na michezo ya namna hii hii, ruka hapa usiruke pale. Sisi tuko nao uwanjani bure. Nikiwachezesha dakika 10 nikiwa na daftari najua nani anaruka kila kitu, nani anangoja aone wenzake ndio aruke, nani hasikii vizuri, nani ameshakuwa tayari kuita mwenyewe. Hiyo ya mwisho nayo ni kubwa, juu anayeita lazima afikirie mnyama wa kuwategea wenzake. Kalongo pia, ule mchezo wa kuigiza maisha ya nyumbani, wakigawana nani ni mama nani ni mtoto nani ana duka, nasikia lugha ambayo sitaisikia kwa mtihani wowote, mtoto ambaye darasani anasema ndio na hapana, kwa kalongo anabargain bei ya nyanya.

Hizo ndizo rekodi nataka kaunti itambue kama upimaji. Tupewe fomu moja fupi, kwa Kiswahili, ya kuandika vitu tulivyoona mtoto akifanya, tarehe, na kitu cha kufanya baadaye. Ripoti ya yule msichana ingesomeka hivi: anagawa vitu 10 kwa watoto 3 sawa na anajua kimebaki ngapi, anasikia neno linaanza na herufi gani, bado mkono haujakomaa kwa namba 8, nyumbani apewe kazi ya kuchambua mchele na kukanda unga wa chapati, bado analia akikosa zamu, tunamfundisha kungoja. Mama akisoma hiyo anajua ana mtoto wa aina gani na anajua afanye nini kesho. Namba 31 kati ya 47 inamwambia nini zaidi ya kumchapa?

Na kuna jambo ambalo ni la haraka kuliko yote. Kipimo kizuri kinagundua shida mapema. Kulikuwa na kijana kwa hiyo akademi ya kwanza alikuwa wa mwisho kila muhula, akizubaa anachapwa, na kuchapa mtoto shule ni kinyume cha sheria lakini mnajua inafanyika. Kumbe sikio lake lilikuwa linatoa usaha tangu akiwa mdogo, nusu ya maneno hayamfikii. Hakuna karatasi iliwahi kusema hivyo, nyanya yake ndio alisema siku moja tukiongea getini. Watoto wengine hawaoni ubao, wengine wana njaa, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa KDHS 2022 ulikuta 18% ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Hii kitu mwalimu anaweza kuishika mapema akifundishwa na akiwa na mahali pa kumpeleka mtoto. Kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji, lini aliketi, lini alitembea, lini alianza kuongea, lakini shule ikisajili mtoto inaitisha cheti cha kuzaliwa na risiti, hicho kitabu hakuna anayekiangalia. Tuwe tunakiitisha. Na zile senta za EARC za kupima watoto wenye mahitaji maalum, zimekuwepo Kenya tangu 1984, lakini walimu wengi wa chekechea ninaoongea nao hawajui iliyo karibu iko wapi. Mheshimiwa, tupewe hiyo orodha ibandikwe kwa kila ofisi.

Wazazi siwalaumu hata kidogo. Mtu anaamka saa kumi kwenda kutafuta kibarua, analipa karo kwa shida, anataka kuona kitu mkononi, na kitu alichofundishwa kuona ni tiki nyekundu na namba. Akiambiwa mtoto leo amecheza anaona amelaghaiwa. Ndio maana siwezi kulibadilisha hili peke yangu darasani kwangu, nikikataa mtihani mzazi anamhamisha mtoto ng'ambo ya barabara kwa yule anayetoa homwaki ya kurasa tatu. Walimu wakuu wanaogopa kupoteza watoto, wakurugenzi wanaogopa kupoteza karo, kila mtu anamwangalia mwenzake. Hapo ndipo serikali inahitajika, kusema neno moja kwa wote siku moja, na kulieleza kwa wazazi kwa baraza za chifu, kanisani, msikitini, kwa redio za hapa Nakuru, kwa lugha rahisi.

Wakurugenzi wa akademi, nawaomba pia kama mtu aliyekula mshahara wenu. Najua karatasi zinavutia wateja. Lakini mzazi akionyeshwa faili ya kazi za mtoto wake, alichora nini Januari na nini Julai, anaielewa bila kuelezwa, nimeona wakina mama wakikaa na hiyo faili mpaka matatu inawaacha.

Kuhusu pesa. Nitaambiwa kuangalia watoto mmoja mmoja ni ghali. Mwalimu mmoja na watoto 47 kweli haiwezekani, hapo siwezi kuwadanganya, mtu hawezi kuandika alichoona mtoto huyu wakati mwingine yuko juu ya dirisha. Tunahitaji msaidizi kwa kila darasa kubwa, na tunahitaji mafunzo ya jinsi ya kuangalia na kuandika, sio semina ya siku moja ya chai na mandazi. Lakini vifaa si ghali. Kule Kingston, Jamaica, miaka ya 1980, wahudumu wa afya walikuwa wanatembelea nyumba za watoto waliodumaa kila wiki kwa miaka 2, wanamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mtoto wake, na vitu vya kuchezea vilikuwa vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye wale watoto wakiwa watu wazima walikuwa wanapata mshahara wa juu kwa kama 25% kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Vifuniko vya soda, maboksi, waya, udongo, hivi vyote tuko navyo. Na zile pesa za mtihani wazazi wanazotoa kila muhula mara tatu, hebu fikirieni zingenunua makasi na krayoni ngapi.

Kenya ilitia saini mkataba wa haki za mtoto ikauidhinisha 1990, na kucheza kumeandikwa mle kama haki, kifungu cha 31. Sio zawadi ya Ijumaa baada ya kazi.

Kwa hivyo ninachoomba ni waraka. Kaunti itoe waraka kwa senta zake zote kwamba PP1 na PP2 hakuna opena, hakuna midtam, hakuna endtam ya karatasi, na hakuna pesa ya mtihani itaitishwa mzazi wa mtoto wa chekechea. Ripoti za kufunga zisiwe na namba ya darasa. Wizara, nyinyi mnaosimamia ubora na sheria, mkumbushe shule za msingi za umma kwamba intavyu ya kuchuja watoto wa Gredi 1 imekatazwa tangu 2013, na mwangalie jinsi ya kuwalinda pia wale wa shule za kibinafsi ambao sheria hiyo haikuwataja. KICD mtupatie ile fomu fupi kwa Kiswahili na kwa lugha zingine za mama, na mtushirikishe sisi wa darasani mkiiandika, msituletee imeisha. Maafisa wa elimu wakija kukagua, waache kuuliza vitabu vimejaa tiki ngapi, waulize mwalimu huyu mtoto wa kona ile anaweza nini leo ambacho mwezi uliopita hakuweza.

Shule nyingi huagiza makaratasi ya opena ya Januari kuanzia Novemba. Waraka ukitoka Oktoba utatupata bado hatujalipa.

Wenu,
Mwalimu wa PP1, Nakuru magharibi